Jiolojia kwa wanafunzi wa sekondari: mwongozo kamili kwa wanaojitolea, kwa mfano wa shule za Arusha na Meru

Mwanafunzi wa kidato cha tatu pale Usa River anaweza kukuandikia makundi yote matatu ya miamba bila kukosea, akakutajia na mifano, na bado asijue kwamba msingi wa darasa alimokaa umejengwa kwa mawe yaliyotoka tumboni mwa Mlima Meru. Si kwamba kafundishwa vibaya. Kitabu kimeandikwa kwa ajili ya nchi nzima, mwalimu ana darasa lililofurika na mada za kumaliza kabla ya mtihani, na hakuna aliyewahi kumpa jiwe mkononi akamwambia: liangalie vizuri, kisha niambie unaona nini.

Hapo ndipo mtu wa kujitolea ana nafasi. Mwongozo huu nimewaandikia wanafunzi wa jiolojia walio vyuoni, mafundi sanifu wa maabara, wahandisi wa visima, walimu wastaafu wa jiografia, na yeyote anayeijua ardhi na yuko tayari kutoa Jumamosi zake chache. Mfano ni wa Arusha na Meru, lakini utaratibu hauna tofauti kubwa ukiwa Mwanza penye majabali ya graniti au Tanga karibu na mapango ya chokaa ya Amboni. Nina msimamo mmoja, na kila hatua hapa chini inautumikia: anza na ardhi wanayoikanyaga na maji wanayoyanywa. Kiini cha dunia kitafuata chenyewe.

Kutokana na msimamo huo, shule moja ikitembelewa mara tatu ina faida kuliko shule tatu zikitembelewa mara moja moja. Ziara ya kwanza hufanyika darasani, ya pili huhusu maji na matetemeko, ya tatu ni ya nje. Panga hivyo tangu mwanzo, hata ukialikwa kwingine.

Ijue ardhi ya shule kabla ya kuijua shule

Wiki kadhaa kabla ya ziara, tembea kwa miguu kuizunguka shule, kilomita moja au mbili kila upande. Unatafuta mahali ambapo tabaka zimefunuka: ukingo wa korongo, barabara iliyochongwa kwenye mlima, machimbo ya moramu. Unatafuta pia chanzo cha maji ya shule, na jengo lolote la mawe. Piga picha na uweke alama kwenye ramani ya simu.

Kisha linganisha na ramani halisi. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, GST, yenye makao yake Dodoma, ndiyo mtunzaji wa ramani za jiolojia za nchi. Kwa mandhari, tafuta ramani za 1:50,000 za Wizara ya Ardhi. Ukiwa nazo utaona kwamba upande wa mashariki wa Meru mlima uliwahi kubomoka, maelfu ya miaka iliyopita, na mabonge yake yakasambaa mpaka Momela na Ngarenanyuki. Vile vilima vidogo vidogo ambavyo wanafunzi wa huko wanachungia mbuzi ni vipande vya mlima huohuo. Upande wa kusini una lava na majivu yaliyooza kuwa udongo wa migomba na kahawa. Mara ya mwisho Meru kulipuka ilikuwa mwaka 1910, kwa hiyo historia yake haijafungwa.

Kwa kila ulichokiona andika swali moja ambalo mwanafunzi anaweza kulijibu kwa macho na mikono yake. Kwa nini jiwe hili lina matundu? Kwa nini tabaka hili la majivu ni laini na lile la juu yake ni gumu? Mbona korongo hili ni pana kuliko wazee wanavyolikumbuka? Maswali haya ndiyo somo lako. Ukikosa hata matatu, tembea tena.

Kibali, kalenda na mwalimu

Kwa shule ya serikali, barua huenda kwa Mkurugenzi Mtendaji wa halmashauri, kupitia kwa Afisa Elimu Sekondari, na nakala kwa mkuu wa shule. Hakikisha unajua shule iko halmashauri ipi, maana Jiji la Arusha, Halmashauri ya Arusha na Halmashauri ya Meru ni ofisi tofauti. Barua iwe ya ukurasa mmoja: ninyi ni akina nani, mtafanya nini, tarehe zipi, na kwamba hamtachangisha wala hamtatoa fedha. Ambatisha majina ya wote watakaoingia shuleni.

Kalenda nayo ina ukali wake. Kidato cha pili na cha nne wana mitihani ya taifa mwezi Novemba, na kuanzia Oktoba hakuna mwalimu atakayekupa kipindi kwa moyo mweupe. Mwishoni mwa Mei kuna mitihani ya muhula. Masika ya Machi hadi Mei hayafai kwa ziara ya nje. Unabaki na Februari mpaka katikati ya Machi, halafu Julai hadi Septemba. Kidato cha kwanza na cha tatu ndio wenye nafasi zaidi.

Mwalimu wa jiografia mtembelee kabla, ukiwa umekaa naye na kitabu chake. Muulize amefika mada gani, na ipi humpa shida kuifundisha bila vifaa. Mara nyingi atakutajia mbili tatu papo hapo. Zipange ziara zako zikae juu ya hizo, ili siku yenu iwe msaada kwa kazi yake na isiwe kipindi kilichopotea. Yeye ndiye atakayebaki na watoto hawa, hivyo kila jaribio alifanye yeye kwanza kabla ya siku yenyewe. Na awepo darasani muda wote: mtu wa kujitolea haachwi peke yake na wanafunzi, hata kwa dakika chache, na picha hazipigwi wala kusambazwa bila ruhusa ya shule na wazazi.

Kikosi

Watu wanne mpaka sita wanatosha. Wanne wasimamie meza, mmoja aangalie muda, mmoja aandike maswali yanayoulizwa. Hakikisheni wanawake hawapungui nusu. Msichana anayemwona dada aliyevaa buti na kofia ngumu akieleza jinsi anavyopima visima, huwa haulizi tena kama kazi hii ni ya wanaume.

Fanyeni zoezi moja kamili kabla, mmoja akicheza mwanafunzi. Elezeni kwa Kiswahili, kwa sentensi fupi, kisha mwandike ubaoni istilahi ileile atakayokutana nayo kwenye mtihani wake. Anayeshindwa kueleza asili ya lava bila kurudi kwenye lugha ya chuoni aendelee kufanya mazoezi, au apewe kazi ya muda.

Sanduku la vifaa

Vifaa vyote viingie kwenye sanduku moja linalobebwa na bodaboda. Mawe ndiyo moyo wake: lava nyeusi isiyo na matundu, lava yenye matundu, moramu nyekundu, pumisi (jiwe jepesi la volkano lililojaa matundu), tufu ile laini inayochongwa kwa ajili ya kujengea, graniti, gneisi yenye mistari, chokaa, kipande cha makaa ya mawe, na kwatzi, lile jiwe jeupe gumu ambalo wachimbaji wadogo wa dhahabu hulifuata. Ongeza magadi ya sokoni. Kila aina iwe na vipande vinne angalau, ukubwa wa ngumi, visivyopakwa rangi wala kuandikwa majina.

Pamoja nayo weka vioo vya kukuza vyenye nguvu ya mara 10, misumari, vipande vya kioo vilivyosagwa kingo, sumaku, siki, vigae vya sakafuni (upande wa nyuma usio na mng'ao ndio unaotumika kukwaruzia madini ili kuona rangi ya unga wake), uzi, ndoo, chupa tupu za lita 1.5, na kamba ya mita 46. Mizani ya springi omba maabara ya fizikia ya shule. Ikikosekana, nunua mbili.

Sanduku hili mtaliacha shuleni. Kwa hiyo usiweke humo kitu usichoweza kukinunua tena.

Ziara ya kwanza: jiwe mkononi

Kabla ya salamu ndefu, mpe kila mwanafunzi karatasi tupu na dakika kumi. Maelekezo ni sentensi moja: chora kilichopo chini ya ardhi ya shule hii, kuanzia nyasi kwenda chini kadiri unavyojua. Usisaidie, usisahihishe. Wengine watachora udongo na maji basi. Wengine watachora tabaka za dunia za kitabuni, na kiini chake, bila jiwe hata moja la Arusha. Kusanya karatasi zote, zitunze.

Sasa gawa darasa katika makundi ya watu wanane, kila kundi mezani kwake. Dakika kumi za kwanza ni za kuangalia tu: waandike mambo matano wanayoyaona kwenye jiwe, bila kulitaja jina. Vijana wetu wamezoea kutafuta jibu sahihi haraka, na hatua hii huwachosha mwanzoni. Vumilia. Akisema "hili ni basalti" (jina la kitaalamu la lava nyeusi), muulize ameona nini kilichomwambia hivyo.

Kisha majaribio. Ukucha hukwaruza vitu vyenye ugumu wa chini ya 2.5 katika kipimo cha Mohs (kipimo cha ugumu wa madini, 1 hadi 10), kioo kiko kwenye 5.5 hivi, na kwatzi yenye ugumu wa 7 itakikwaruza kioo. Siki juu ya chokaa hutoa mapovu, hasa ukiikwangua kidogo ipate unga. Juu ya lava haitoi kitu. Juu ya magadi hutoka mapovu mengi, na hapo waache waulizane, maana magadi wanayajua kama kitu cha jikoni cha kulainishia maharage, hawajawahi kuyafikiria kama madini.

Jaribio ninaloliona bora kuliko yote ni la msongamano, kwa sababu linatumia kanuni ya Archimedes ambayo wameshaisoma kwenye fizikia na kudhani imekwisha kazi. Funga jiwe kwa uzi, lining'inize kwenye mizani, soma uzito wake hewani. Lizamishe kwenye ndoo ya maji bila kugusa chini, usome tena. Gawanya uzito wa hewani kwa tofauti ya vipimo viwili. Jiwe lililosoma nyutoni 2.9 hewani na 1.9 majini lina msongamano wa mara 2.9 ya maji. Graniti itakupa kati ya 2.6 na 2.7. Lava nyeusi iliyoshikana itakaribia 2.9. Pumisi itagoma kuzama. Lava yenye matundu itatoa namba ndogo kuliko walivyotarajia, na ubishi utazuka kama mizani ni mbovu au jiwe ndilo tofauti. Acha ubishi uendelee mpaka mmoja aseme kwamba matundu yale ni mapovu ya gesi iliyokuwa ikitoka lava ilipokuwa inaganda. Ukifika hapo, unaweza kuwaambia kwamba sakafu ya bahari imeundwa kwa jamii ya lile jiwe zito na mabara kwa sehemu kubwa yako upande wa jiwe jepesi, ndiyo maana mabara yako juu na bahari iko chini. Watakuelewa, kwa kuwa namba wamezipata wao.

Malizia uwanjani na kamba. Mita 46 ni umri wa dunia, miaka bilioni 4.6, kwa hiyo sentimita moja ni miaka milioni moja. Simamisha mwanafunzi mmoja kwenye kila tukio, ukihesabu kutoka mwisho wa leo. Mwenye kushika miamba ya kale ya katikati ya Tanzania, upande wa Dodoma, Shinyanga na Mwanza, atakwenda zaidi ya mita 25. Mijusi mikubwa (dinosaria) ya Tendaguru, Lindi, iliyoishi miaka ipatayo milioni 150 iliyopita, iko mita moja na nusu. Nyayo za mababu wa kale wa binadamu pale Laetoli, miaka milioni 3.66, ziko chini ya sentimita nne. Kilimanjaro ilianza kujengeka kiasi cha sentimita mbili na nusu kutoka mwisho. Historia yote ya binadamu wa aina yetu iko ndani ya milimita tatu. Usihutubie hapa. Wape muda waitazame kamba.

Jiandae kwa swali la Tendaguru, kwani litakuja: mifupa ile iko wapi? Ilichimbwa na Wajerumani kati ya 1909 na 1913, ikabebwa vichwani na wafanyakazi wa Kitanganyika mpaka bandari ya Lindi, na mifupa mirefu iliyounganishwa imesimama Berlin hadi leo. Waeleze hivyo hivyo ilivyo. Wana haki ya kulijua na kulijadili.

Ziara ya pili: tetemeko na maji

Siku chache kabla ya ziara hii, mwalimu awape kazi ya nyumbani. Julai 2007 kaskazini mwa nchi ilitikiswa kwa matetemeko mfululizo, kubwa likiwa la tarehe 17 lenye ukubwa wa 5.9, chanzo chake karibu na Mlima Gelai, kusini mwa Ziwa Natron. Septemba mwaka huohuo Ol Doinyo Lengai ikalipuka na kurusha majivu. Wanafunzi wengi wa sasa walikuwa hawajazaliwa, ila wazazi na bibi zao wanakumbuka. Kila mmoja amuulize mtu mzima nyumbani: ulikuwa wapi, uliamka au ulikuwa macho, vyombo vililia, ukuta ulipata ufa, mlitoka nje? Majibu yanaletwa darasani na kuwekwa kwenye ramani kwa namba, kutoka 1 kwa aliyehisi kidogo tu hadi 5 kwa aliyeona nyufa. Mara wanaona kwamba mahali penye udongo laini na mahali penye mwamba hapakutikisika sawasawa. Hiyo ni kazi ya kisayansi halisi, na bibi anaingia darasani bila kutoka jikoni kwake.

Kuonyesha mawimbi, panga wanafunzi kumi kwenye mstari, kila mmoja mikono yake mabegani mwa aliye mbele. Msukumo wa kwenda mbele ukipita mstari mzima ni wimbi la kwanza, la kasi. Kisha wayumbe kushoto na kulia, mmoja baada ya mwingine: ni wimbi la pili, la polepole. Katika ganda la dunia la kwanza husafiri kiasi cha kilomita 6 kwa sekunde, la pili 3.5. Ukihesabu sekunde kati ya mtikisiko wa kwanza na ule mkali unaofuata, zidisha kwa 8, unapata umbali kwa kilomita. Gelai ni kilomita 100 hivi kutoka Arusha mjini kwa mstari ulionyooka, hivyo sekunde 12 au 13. Wafanye hesabu wenyewe.

Usimalize bila usalama. Tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, nalo la 5.9, liliua watu na kubomoa majengo ya sekondari za Ihungo na Nyakato mjini Bukoba kiasi cha shule hizo kufungwa. Fanyeni zoezi moja: wote chini ya madawati, vichwa vimekingwa, kisha kutoka kwa utaratibu hadi mahali pasipo na ukuta wala nguzo ya umeme.

Sasa maji. Ningelazimika kuchagua mada moja tu kwa shule za Meru, ningechagua hii.

Vijana wengi wa maeneo haya wana meno ya kahawia. Wengine wameambiwa hawapigi mswaki. Wakienda mkoa mwingine wanajifunza kucheka huku wameziba mdomo. Chanzo chake ni jiolojia. Miamba ya volkano ya huku ina floridi nyingi pamoja na sodiamu, na maji yakipita humo kwa muda mrefu huiyeyusha. Kwa kuwa maji hayo yana kalisi kidogo, floridi haipati cha kushikamana nacho ili itue chini, inabaki ndani ya maji. Jino huathirika linapokuwa bado linajiunda ndani ya ufizi, utotoni, hivyo hakuna mswaki utakaoliondoa doa. Kiwango kikiwa kikubwa kwa miaka mingi, mifupa nayo huumia.

Liendeshe somo hili kwa heshima. Usimwombe mtu afungue mdomo, usimwelekezee kidole yeyote, usilete picha za kutisha. Eleza njia ya maji kutoka kwenye mwamba hadi kwenye kikombe, kisha nyamaza. Atakayetaka kusema habari zake atasema.

Zoezi lenyewe ni hili. Kila kundi lilete maji kutoka chanzo kimoja: kisima, mto, chemchemi ya mlimani, bomba la shule, maji ya mvua. Chupa zisafishwe, ziandikwe mahali na tarehe. Wapime uchachu kwa karatasi za pH na jumla ya chumvi kwa kile kipimo kidogo cha mkononi. Waanike kijiko kimoja cha kila maji kwenye kifuniko safi cha bati juani waone kinachobaki. Waambie wazi kwamba kipimo cha chumvi hakisomi floridi. Floridi haina rangi wala harufu, na inapimwa maabara. Sampuli zinaweza kupelekwa maabara ya Wizara ya Maji, na kituo cha Ngurdoto kimekuwa kikishughulikia uondoaji wa floridi kwa miaka mingi. Shirika la Afya Duniani limeweka mwisho wa miligramu 1.5 kwa lita.

Kuna mambo ambayo lazima watoke nayo siku hiyo. Kuchemsha hakuondoi floridi. Maji yakipungua sufuriani, inazidi. Magadi yanayookotwa na kuuzwa masokoni kwa ajili ya kande na maharage nayo yana floridi. Maji ya mvua yana kidogo sana. Mkaa wa mifupa ya ng'ombe uliotengenezwa vizuri huichuja. Na matokeo ya maabara yakija, yapitie kwa mkuu wa shule na mamlaka ya maji kabla ya kutangazwa kijijini, kwa sababu namba iliyotolewa ovyo inaweza kuwakimbiza watu kutoka kisima kimoja hadi kingine kibaya zaidi.

Ziara ya tatu: nje

Usikodi basi kwenda mbali. Korongo lililo nusu saa kutoka shuleni linatosha, tena litatembelewa tena mkishaondoka.

Omba ruhusa ya serikali ya kijiji na ya mwenye shamba au machimbo. Wazazi wasaini fomu. Awepo mtu mzima mmoja kwa kila wanafunzi kumi, sanduku la huduma ya kwanza, maji ya kunywa, chakula cha mchana, na mpango wa choo uliofikiriwa mapema, hasa kwa wasichana. Nyundo mnazipiga ninyi tu, mkiwa na miwani ya kukinga macho, na wanafunzi wakiwa wamesogea. Katika machimbo, simama mbali na ukuta kwa umbali usiopungua urefu wake. Mvua ikionekana mlimani, tokeni korongoni hata kama juu yenu jua linawaka. Na msiwaingize watoto kwenye mashimo ya wachimbaji, Mirerani wala kwingineko.

Mkifika, wakae chini wachore kwa dakika ishirini. Kila daftari liwe na ukurasa wenye pande mbili, kushoto "ninachoona", kulia "ninachodhani". Mchoro uwe na kipimo, hata kama ni mtu aliyesimama pembeni, na uonyeshe kaskazini. Baada ya hapo wapime unene wa kila tabaka kwa utepe, waguse, walowanishe, waeleze punje zake. Swali la siku ni moja: kipi kilitokea kwanza? Mpe kila kundi nafasi ya kusimulia historia ya ukuta ule kutoka chini kwenda juu, na makundi mengine yapinge kwa ushahidi.

Udongo wa korongo hilo jazeni kwenye chupa ya lita 1.5 na maji, mtikise, mwache. Mchanga hutua papo hapo, tope laini baada ya muda, na mfinyanzi hubaki ukielea mpaka kesho yake. Chupa hiyo ikirudi darasani ni maelezo tosha ya jinsi mashapo ya Oldupai yalivyojipanga.

Kama eneo lina miteremko, zungumzeni pia Hanang. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, udongo na mawe yaliyolegea ya mlima ule wa volkano yalishuka kama zege bichi hadi Katesh, na watu zaidi ya 80 wakafa. Muulize mwalimu kwanza kama kuna mwanafunzi aliyefiwa huko. Kisha wafundishe dalili za kuangalia: nyufa mpya mteremkoni, miti inayoinama, mto unaopungua ghafla wakati mvua bado inanyesha au kugeuka tope.

Sampuli chukueni kidogo, na kamwe si ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha wala Ngorongoro. Kisukuku (mabaki ya kiumbe wa kale yaliyogeuka jiwe) kikionekana, kipigeni picha, kiacheni kilipo, mtoe taarifa. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inakilinda.

Maswali yatakayokuja

Umri wa dunia na imani ya dini. Eleza jinsi umri wa mwamba unavyopimwa, kwamba elementi fulani hubadilika kuwa nyingine kwa kasi inayojulikana na zinaweza kuhesabiwa ndani ya jiwe. Usiingie kwenye imani ya mtu, na usimruhusu mwenzake amcheke. Vivyo hivyo kwa Ol Doinyo Lengai, ambako Wamaasai huenda kuomba. Unaweza kusema kwa heshima kwamba lava yake ni ya aina isiyotoka kwenye volkano nyingine yoyote hai, hutoka nyeusi ikiwa na joto la nyuzi 500 hadi 600 tu, nusu ya lava ya kawaida, na hugeuka nyeupe ikipata unyevu.

"Hili jiwe ni bei gani?" Kila mara. Usicheke swali hilo. Tanzaniti iko Mirerani, jirani kabisa, na familia nyingi zimeishi kwayo tangu 1967. Jibu kwa ukweli kuhusu leseni, hatari na wanaofaidika.

Kuhusu kazi, usiwauzie dhahabu na gesi peke yake. Nchi hii inahitaji watu wa visima na mabonde ya maji, wa barabara na misingi ya majengo, wa jotoardhi, wa majanga. Wataje GST, RUWASA (wakala wa maji vijijini), Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, maabara za TANROADS (wakala wa barabara). Njia zipo zaidi ya moja: Chuo cha Madini Dodoma kwa ngazi ya cheti na diploma, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na cha Dodoma kwa shahada. Waambie mapema, kidato cha pili ikiwezekana, kwamba ukiacha fizikia na kemia njia nyingi kati ya hizi zinafungwa. Wengi huambiwa hilo wakiwa wameshachelewa.

Kabla hamjaondoka

Rudia zoezi la kuchora kilichopo chini ya shule, karatasi tupu na dakika kumi zilezile. Linganisha na ya kwanza pamoja na mwalimu: nani sasa ameweka lava, majivu, maji yanakopita? Mpe kila mwanafunzi michoro yake yote miwili.

Sanduku likabidhiwe kwa maandishi, likae ofisini kwa mwalimu wa jiografia au maabara, funguo kwa watu wawili. Undeni klabu yenye kazi moja ndogo isiyokoma, maana klabu isiyo na kazi hufa ndani ya muhula. Kipimo cha mvua kinafaa: chupa yenye ubavu ulionyooka, imekatwa juu na kugeuzwa kuwa faneli, rula imebandikwa ubavuni, imesimamishwa mahali pasipo na mti wala paa. Isomwe kila siku saa tatu asubuhi, hata siku isiyo na mvua, sifuri iandikwe sifuri. Zamu ibandikwe ukutani, na siku za likizo zichukuliwe na wanaokaa karibu na shule. Msimu wa vuli ukiisha, waende korongoni na utepe, wapime upana wake mahali palepale walipopima na ninyi, na namba zote mbili ziandikwe kwenye daftari moja.